Kachumbari ya Mkekani

Kosa langu la kwanza katika jiko la Bi Mwanaidi lilikuwa kukamua tango. Alikuwa amenionyesha mara moja tu namna ya kutengeneza kitunguu cha kachumbari: unakikata vipande vyembamba, unakinyunyizia chumvi, unakifikicha kwa vidole mpaka kianze kutoa povu, unakisuuza, halafu unakikamua ili ukali utoke. Akaniachia ubao na kisu, akaenda kuangalia mihogo yake. Mimi niliogopa sana kuonekana mvivu. Nikaona kama kitunguu kimefanyiwa kazi yote hiyo, basi na vingine visionewe. Nikalifikicha tango kwa chumvi nikalikamua. Nikazifuata nyanya. Nilikuwa nimeshafika kwenye papai, juisi inanichuruzika mpaka kwenye viwiko, Bi Mwanaidi aliporudi na mwiko mkononi. Alilitazama lile bakuli kwa muda, akanitazama mimi, akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya Tanga isiyokuwa na haraka, "Bokile mwanangu, hapa umepika au umefua?"

Niliyakumbuka haya mwezi uliopita pale Vwawa, siku tulipomwoza mjukuu wangu wa kike. Hamisi, niliyefahamiana naye wakati ule kwa Bi Mwanaidi, alikuja kutoka Tunduma. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi, na nilipomwona anateremka kwenye basi dogo kwa fimbo, mguu mmoja kwanza halafu mwingine baada ya kufikiri, nilimpita nikamtafuta Hamisi mwingine, yule dereva mwenye mabega. Ni yeye aliyeniita. Tulimkalisha karibu yangu chini ya turubai. Ilikuwa Oktoba, jua la kabla ya mvua linapiga mpaka bati linatoa sauti, na watu walikuwa wanaupita wali na nyama wakitafuta kitu cha baridi. Mkwe wangu alikuwa ametengeneza saladi ya matunda na mboga kwenye beseni kubwa. Hamisi aliinama akaichungulia, akaninong'oneza lakini kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Hii umekamua?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Vijana walitutazama wakanyamaza kwa adabu, wakidhani wazee wameanza kuchanganyikiwa.

Mwaka ule wa kukamua tango ndio mwaka ambao reli ilivuka mpaka kuingia Zambia. Tunduma ya wakati ule ilikuwa mji wa malori na vumbi. Nyumba zilikuwa chache, watu wengi, na maji yalikuwa adimu kuliko vyote; yalikuja kwa mapipa kwenye mikokoteni, na mwenye kuyamwaga alitukanwa na watu asiowajua. Mzee Kombo na mkewe Bi Mwanaidi walikuwa na malori mawili na hoteli, yaani vyumba vitatu vya mbao kando ya barabara kuu. Cha mbele kilikuwa na meza na mabenchi, cha kati walilala wenyewe, cha nyuma kilikuwa jiko na stoo, na kwenye kona ya stoo, kati ya magunia ya mchele na mapipa, kilikuwepo kitanda changu. Kati ya chumba chao na changu palikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana, na Bi Mwanaidi alikuwa ametundika kanga kuziba nyufa. Kanga huzuia macho. Haizuii maneno. Mambo mengi ninayoyajua juu ya ndoa niliyasikia kupitia kanga ile, na mengi yalikuwa mazuri.

Nilikuwa nimeshuka kutoka milima ya Ileje, nikamwambia Mzee Kombo kwamba mimi ni mpishi. Ukweli ni kwamba nilijifunza kupika kwa kutazama mikono ya watu. Nilikuwa nikipita jikoni kwa mtu, nasimama, naangalia, narudi nyumbani najaribu. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniambia inatosha. Mtu aliyefundishwa anajua mahali pa kukoma. Mimi niliendelea tu. Nilichambua mchele mpaka wenzangu wakaniuliza kama natafuta pete. Niliosha sufuria safi. Nilikata karoti nikazipanga, na ile iliyozidi wenzake nikaila ili isionekane. Madereva walinipa jina la Fundi Rula. Nilicheka nao, kisha usiku nikalala nikihesabu nilichokosea mchana.

Kwetu milimani kibichi kilikuwa cha mbuzi, au cha mtoto aliyepanda mti. Tunda ulilila njiani. Mboga uliipika mpaka iive, na mgeni ukimwekea majani mabichi angeuliza kama umekosa kuni. Kwa hiyo kachumbari ya Bi Mwanaidi ilinishangaza. Yeye hakuishia kwenye nyanya na kitunguu. Alitia tango, papai lililoanza tu kuiva, embe changa, chungwa lililomenywa mpaka ngozi nyeupe ikatoka, giligilani, pilipili kidogo, ndimu. Alisema huko kwao jua likiwa kali watu hawali, wanaonjaonja. Mara ya kwanza nilipoona chungwa linalala juu ya kitunguu niliona haya kwa niaba ya chungwa.

Ramadhani mwaka ule iliangukia kwenye joto lile lile la Oktoba. Mchana tulishusha pazia la gunia mbele ya hoteli, na wasafiri wasiofunga walikula nyuma yake kimya kimya. Nyumba nzima ilifunga isipokuwa mimi. Bi Mwanaidi aliniwekea chakula changu stoo kila mchana na kunifungia mlango mwenyewe. "Kula ushibe, wala usione soni. Funga hii si yako." Nilikula nikitafuna polepole ili nisisikike. Lakini hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, kwa sababu mtu pekee aliyeweza kuonja chakula katika nyumba ile alikuwa mimi. Wako wapishi wanaoonja kwa ncha ya ulimi wakatema. Bi Mwanaidi hakujiamini. "Mimi nikishaonja nitameza, najijua," alisema. Kwa hiyo kila alasiri alinikabidhi kijiko akanitazama usoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Chumvi?"

"Imekolea, mama."

"Imekolea au unaniogopa?"

"Imekolea."

Kwa mihogo na maharage ulimi wangu ulitosha. Kwa kachumbari nilikuwa kipofu. Nilikuwa naonja kitu ambacho sikujua kinapaswa kuwaje. Nilionja, nikaogopa, nikaongeza ndimu, nikaonja tena, nikaongeza chumvi, mpaka ulimi ukafa ganzi na ningeweza kupewa magadi nikasema imekolea.

Yote hayo yangekuwa mzaha tu kama Mzee Kombo angekuwa anakula. Alikuwa ametoka kuugua malaria. Homa ilimwachia siku chache kabla ya mwezi kuandama, lakini ilikuwa imechukua hamu yake ya kula. Dawa ilimwachia kinywa kichungu. Alisema hata maji yana ladha ya msumari. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo nene, na sasa kola ya shati ilikuwa inamzunguka kama kamba kwenye mti. Aliambiwa na kila mtu kwamba mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, atalipa baadaye. Alijibu kwamba mgonjwa ni yule aliyelala, na yeye amekaa. Jioni alifuturu kwa tende moja na maji. Uji alishika bakuli mpaka ukapoa. Mihogo ya nazi, ambayo nazi yake ililetwa na lori kutoka pwani kwa ajili yake, aliisogeza kwa Hamisi. Hamisi alikuwa dereva wake, na pia mtoto wa dada yake Bi Mwanaidi. Alikula mafungu mawili kila jioni kwa uso wa huzuni.

Alasiri moja nilikuwa stoo nachambua mchele nikawasikia nyuma ya kanga.

"Jana hujala," alisema Bi Mwanaidi.

"Nimekula."

"Tende. Ndege hula zaidi ya hapo."

"Mwanaidi, niache nipumzike."

"Nitakuacha. Lakini nakwambia hivi, na usije ukasema sikukwambia. Ikifika Ijumaa bado hali ni hii, tunafunga hoteli tunarudi Tanga. Huko kuna ndugu zako, kuna samaki, kuna hewa. Sikukuja huku kwenye vumbi kukuzika."

Kisha Mzee Kombo akasema, "Na yule kijana?"

"Yule ana miguu, atarudi kwao."

"Hataki kurudi kwao. Humwoni anavyofanya kazi? Mtu anayetaka kurudi kwao hasugui sufuria namna ile."

Niliacha kuchambua mchele. Sikujua kama mtu alikuwa amenitazama kiasi hicho. Mwaka ule vijana waliokaa mjini bila kazi walikuwa wanaulizwa maswali na kurudishwa vijijini kulima, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha zaidi ya aproni ya Bi Mwanaidi. Lakini nikisema niliogopa kazi tu nitakuwa nadanganya. Niliwapenda wale watu wawili. Nilitaka mzee ale. Baadaye kidogo Bi Mwanaidi akatoka, akanikuta naangalia ukuta, akajua nimesikia, wala hakujisumbua kujifanya hajajua. "Mihogo haimwingii, uji haumwingii," alisema. "Labda kitu chepesi, cha baridi, chenye uchachu. Tengeneza kachumbari ya matunda, tengeneza vizuri. Uzuri wako wote utie humo."

Hilo ndilo neno lililoniponza. Uzuri wangu wote niliujua ulivyokuwa.

Kesho yake nilianza saa nane mchana ili nisichelewe futari ya jioni. Tango sikulikamua tena, hilo nilikuwa nimeshajifunza, lakini nililikata vipande sawasawa kama kete za bao, na papai hivyo hivyo, na nyanya nikaziondoa mbegu. Nikatia chumvi, nikatia ndimu, nikachanganya, nikaonja, nikaongeza, nikafunika kwa sahani, juu yake gunia lililoloweshwa maji ili ipoe. Nikakaa karibu nayo kama mtu anayelinda mtoto. Kila baada ya muda nilifunua nikaonja. Jioni nilipoipeleka kwenye mkeka, vile vipande vyangu vizuri vilikuwa vimelegea, vimelala ndani ya maji yao, na chungwa limepata harufu ya kitunguu. Mzee Kombo alichovya kijiko, akanywa funda moja la ule mchuzi, akasema "Ahsante kijana," akarudisha kijiko. Ahsante ile iliniumiza kuliko tusi. Hamisi aliitazama akasema, "Baba, hii ni kachumbari au ni kisima?" na Bi Mwanaidi akamfinya.

Kesho yake nilibadilisha. Nilikata vidogo zaidi. Siku iliyofuata nilitia sukari kidogo. Siku nyingine nikaona kosa ni matango, nikaenda kuchagua mwenyewe kwa Bana Mwansa, mama wa Kibemba aliyekuwa akivuka kutoka upande wa pili kuuza mboga na matunda chini, kwenye kitambaa. Niliinua tango moja moja nikalitazama kama limenyooka. "Mwapoleni mukwai," alinisalimu, akangoja, akangoja, kisha uvumilivu ukamwisha. "Awe, mwana! Tango unaangalia hivyo, unataka kununua ama unataka kuoa?" Wanawake wenzake wakacheka. Nilinunua yaliyonyooka. Nikayakata mapema zaidi, saa saba, kwa sababu safari hii nilitaka viungo viingie vizuri. Nadhani msomaji ameshaona nilichokuwa nafanya. Mimi sikuona. Kila jioni iliposhindikana nilijiambia kwamba sikujiandaa vya kutosha, na kesho yake nikaanza mapema zaidi, na kila nilivyoanza mapema ndivyo chumvi ilivyopata muda wa kunyonya maji yote. Nilikuwa nakimbilia kule kule nilikokuwa nakimbia.

Alhamisi soko lilikuwa tupu. Bana Mwansa hakuvuka. Wengine walikuwa na kabichi zilizonyauka tu. Nilikuwa na vitunguu na ndimu, basi. Asubuhi Hamisi alikuwa ameondoka na lori kwenda kuchukua mahindi bonde la Momba, kupita Chitete, na Bi Mwanaidi alimwagiza embe changa na papai huko bondeni, na akirudi apitie kwenye bustani ya Wachina wa reli aombe matango. "Saa nane nitakuwa hapa, mama mdogo," alisema Hamisi. Ikawa saa nane. Ikawa saa tisa. Nilisimama barabarani nikitazama vumbi. Nilifua aproni. Nilinoa kisu ambacho kilikuwa kimeshanolewa. Ikawa saa kumi na moja. Bi Mwanaidi akaniita ndani akaniambia nikae chini, nikakaa, nikasimama. "Wewe na mimi leo nani amefunga?" aliniuliza. "Maana midomo iliyokauka naiona kwako."

Lori lilifika mwadhini akiwa ameshaanza kuadhini. Njia ya Momba ilikuwa imempasulia tairi mahali pasipo na mtu. Hamisi aliruka chini, mweupe wa vumbi kutoka kichwani mpaka miguuni, akanitupia gunia akisema, "Usiniulize kitu, Fundi Rula, naomba maji," akaenda kufungua funga yake. Wanaume walikula tende, wakatawadha kwa kopo moja moja, wakasimama kuswali uani. Mimi nilikuwa jikoni naosha matango ya Wachina, marefu, yenye vichunusi, ambayo bado yalikuwa na joto la jua. Nikayatia kwenye mtungi wa maji ya kunywa yapoe, kitendo ambacho siku nyingine kingenipa kofi. Nikasuuza embe. Nikakamua kitunguu, mikono inateleza. Nilikuwa sijakata hata kipande kimoja niliposikia wameshatoa salamu, wameshakaa.

Bi Mwanaidi aliingia. Nilimwambia, "Mama, leo haipo. Haiwezi kuwepo. Nusu saa tu, nipe nusu saa."

"Nusu saa mzee atakuwa ameshalala." Akachukua ubao, akautia kwenye sinia kubwa pamoja na matango, embe, papai, nyanya, kisu, kila kitu, kikiwa kizima. "Lete hilo bakuli la kitunguu. Njoo."

"Wapi?"

"Mkekani. Utakata huko huko."

Sijawahi kuwa uchi mbele ya watu, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Alinikalisha katikati ya mkeka, mbele ya Mzee Kombo, taa ya chemli pembeni, Hamisi na madereva wengine wawili wanatazama mikono yangu. Nikaanza na tango. Nilikata haraka, vipande vikatoka vingine vinene vingine vyembamba, kimoja kikabingirika mpaka kwenye goti la Hamisi. "Aha," alisema, "leo Fundi kasahau rula." Watu wakacheka. Masikio yaliniwaka. Nikaendelea kukata kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Na harufu ikapanda. Tango bichi likikatwa lina harufu ya maji, harufu ya mahali penye kijito, na katika mji ule wa vumbi, jioni ile, nadhani kila mtu pale mkekani aliinua pua. Nikakata embe, ukali wake ukatujaza mate sote. Nilisikia mtu anameza. Nikainua macho. Alikuwa Mzee Kombo.

Alinyoosha mkono akaokota kipande cha tango kwenye ubao, pembeni kabisa ya kisu changu. Hakikuwa na chumvi, hakikuwa na ndimu, hakikuwa hata na umbo. Nilitaka kusema bado, mzee, bado haijawa tayari. Nilifungua mdomo. Bi Mwanaidi alinikanyaga mguu chini ya kanga yake, akanikanyaga kweli. Mzee alikitia kinywani akatafuna. Kila mtu alisikia tango likikatika. Akakaa kidogo kama anayesikiliza. Akaokota kingine.

"Chumvi iko wapi?" alisema.

Nikamsogezea kibakuli. Alichukua kidogo kwa vidole, akainyunyiza mwenyewe, akaokota embe, akakunja uso wote kama mtoto. "Lahaula! Hii embe mmeitoa wapi, inauma kama mke!"

"Mke yupi?" aliuliza Bi Mwanaidi.

"Mke wa Hamisi."

"Mimi sina mke, baba."

"Basi ndiyo maana hujui." Akanyoosha mkono tena. "Kata, kijana. Unangoja nini? Kata na lile papai. Ndimu nipe hapa, nakamulia mwenyewe, nyie mnaniwekea nyingi mno. Siku zote hizi mlikuwa mnaninywesha maji ya chumvi mkisema kachumbari."

Nilikata. Nilikata mpaka matango ya Wachina yakaisha. Nilikuwa nakata, na kila mtu anaokota, kila mtu anatia chumvi yake, Hamisi anatia pilipili mpaka anatokwa na kamasi, na chungwa halikugusana na kitunguu ila kwa yule aliyetaka. Mzee alikula kachumbari, kisha bila mtu kumwambia akavuta sahani ya mihogo akala vipande vichache, akaegemea ukuta, akafunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi. "Mwanaidi," alisema, macho ameyafumba, "kesho Ijumaa. Ulikuwa unasema kitu kuhusu Ijumaa."

"Sikumbuki," alisema Bi Mwanaidi. Aligeuka upande wa giza, akajipangusa macho kwa upindo wa kanga, kisha akanigeukia mimi kwa ukali. "Na wewe kula! Umekata kwa watu wote, wewe umekula nini?"

Ndipo nilipoonja. Nilikuwa nimeonja kachumbari ile labda zaidi ya mtu yeyote Tunduma, lakini siku zote kwa kijiko, nimesimama, nikitafuta kosa. Sikuwahi kuila. Nilichukua kipande cha tango na kipande cha embe pamoja, nikachovya kwenye chumvi, na nikaelewa Bi Mwanaidi alichokuwa akisema juu ya jua na watu wasiokula. Kilikuwa kitu cha baridi kinachokatika. Ilikuwa hivyo tu. Nilicheka, nikala kingine.

Nitasema na hili, kwa kuwa nimeamua kusema. Nilipolala nilikuwa na nafuu kubwa, kifua kimefunguka kama mtu aliyetua gunia, lakini pembeni ya nafuu ile palikuwa na kijihasira. Siku zote nilizojitahidi hakula. Siku moja nilipokuwa sina chochote tayari, akala. Ilinichukua miaka kuacha kuona kama nimedhulumiwa. Nilikuwa nimeamini kwamba juhudi yangu ndiyo iliyokuwa inawafikia watu, na ikishindikana basi haijatosha. Kumbe juhudi ile ilikuwa imekaa kati ya mzee na tango. Mtu aliyetoka kwenye homa, ambaye kila mtu anamwamulia ale nini, anywe nini, arudi wapi, alikuwa anataka kitu kimoja akiamue mwenyewe, hata kama ni chumvi. Mimi nilikuwa namletea kitu ambacho kimeshaamuliwa mpaka kikalegea.

Hawakurudi Tanga. Kuanzia jioni ile ubao ulikuwa unaletwa mkekani, na mwezi ulipoisha ukahamia mezani, na madereva waliotoka pwani na waliotoka Kapiri kule Zambia wakawa wanaulizia kachumbari ya kukatiwa. Naitengeneza mpaka leo, hasa Oktoba. Kitunguu peke yake nakitanguliza, kwa sababu chenyewe kinahitaji kufikichwa na kusuuzwa. Matunda na mboga nayaosha nikayaacha mazima mahali pa baridi. Wageni wakishakaa ndipo nakata, tango na embe kwanza, papai na nyanya baadaye kwa kuwa ni laini, na parachichi la Ileje mwisho kabisa lisije likawa jeusi. Chumvi, ndimu na pilipili vinakaa pembeni, kila mtu na mkono wake. Mzee Kombo aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanenepa tena, akauza malori kwa wakati wake mwenyewe, akaenda Tanga kwa sababu alitaka kwenda. Siku waliyoondoka alinikabidhi funguo za hoteli, nikaiendesha mpaka nilipohamia Vwawa.

Pale harusini mkwe wangu alikuja kuniuliza, uso umemkaza, kama saladi yake imekolea. Nilimwambia akae. Akasema bado ana mambo jikoni. Nikamwambia jikoni hapatakimbia, akae hapo kati yangu na Hamisi ale, na akaketi ukingoni mwa kiti, akachukua kipande kimoja, halafu akarudi nyuma akaegemea.

Mimi siku hizi simpikii mtu mpaka mwisho. Chakula changu kinafika mezani kikiwa bado kina kazi iliyobaki, naiacha kwa walaji, nami ninaketi kula nao.